Kujitolea kujenga nyumba baada ya mafuriko: mwongozo kwa wanaokwenda Rufiji

Mto Rufiji ukifurika, mwenye nyumba hupoteza vitu viwili kwa mpigo: nyumba yenyewe, na muda wa kuijenga upya. Maji yakishuka, mwezi wa tano kuelekea wa sita, huacha bondeni tope lenye rutuba, na wiki hizo hizo ndizo za kupanda mlao: mahindi, kunde na maboga yanayoota kwa unyevu wa mto bila kungoja mvua. Ukichelewa, unyevu umezama na msimu umekwenda. Familia ikibaki nyumbani kukandika ukuta, shamba linakauka. Ikienda shamba, inalala chini ya turubai mpaka vuli iikute hapo hapo.

Hapo ndipo mtu wa kujitolea anapokuwa na kazi. Warufiji wanajua kujenga nyumba zao kuliko kijana yeyote anayeshuka kwenye basi kutoka Dar es Salaam. Wanachopungukiwa ni mikono katika wiki hizo, pamoja na vifaa ambavyo mto uliondoka navyo. Ukienda na hivyo viwili, unafaa. Ukienda na ramani ya nyumba uliyoipenda mwenyewe, bora nauli hiyo ungeituma.

Ninayoandika hapa nimeyalenga kwa wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoa wa Pwani, ambako masika ya 2024 yalizamisha vijiji na mashamba, Muhoro na Chumbi vikiwemo. Mwaka huo hadi mwishoni mwa Aprili, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri kaya zaidi ya 51,000. Aliye Kilosa au kando ya Mto Tana atayachuja yanayomfaa.

Kwanza: ujue lini usiende

Wiki za mwanzo si zako. Maji yakiwa bado yamesimama, kazi ni ya waokoaji, Jeshi, Msalaba Mwekundu na wenye mitumbwi wanaojua mkondo ulipo. Kikundi cha watu ishirini wasiojua kupiga kasia ni midomo ishirini ya kulishwa mahali ambapo chakula hakipo. Kipindi hicho changa pesa, kusanya majina, tafuta fundi, na uulize habari kila siku.

Usiamini pia kwamba maji yakishashuka mara moja yamekwisha. Mwaka 2024 watu walikuwa hawajapumua na mafuriko ya Aprili, mara mwanzoni mwa Mei kikaja Kimbunga Hidaya, na barabara ya kusini ikakatika eneo la Somanga. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), na uulize pia kuhusu maji yanayofunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere huko juu. Wazee wa bondeni wana kalenda yao ya mto na ni nzuri, ila waliirithi kabla ya bwawa.

Msimu wa kujenga ni Juni hadi Septemba. Jua lipo, udongo unakauka, magari yanapita. Vuli huanza kunyesha kuanzia Oktoba, na ukuta wa udongo uliokandikwa wiki moja kabla ya mvua hauna maisha marefu. Hesabu kurudi nyuma kutoka hapo: kuezeka kuwe kumekwisha katikati ya Septemba, kwa hiyo nguzo ziwe zimesimama mwezi wa saba, na vifaa viwe kijijini mwezi wa sita. Mlao nao ndio kwanza unapandwa. Unaona kwa nini mikono inahitajika.

Pili: ingia kwa mlango

Hata kama una shangazi pale kijijini, anza ofisi ya kijiji. Mwone mtendaji na mwenyekiti, uwe na barua ya kikundi chako inayosema ninyi ni nani, mko wangapi, mtakaa siku ngapi, mna nini mkononi. Mtendaji atawaunganisha na kamati ya maafa ya kijiji, na kamati za namna hiyo zinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Wenyeviti wa vitongoji nao muwaone, maana ndio wanaojua nani amelala kwa nani.

Utapewa orodha ya kaya zilizoathirika. Ipokee kwa heshima, halafu omba isomwe kwenye mkutano wa kijiji au ibandikwe ukutani kabla hujanunua hata msumari mmoja. Si kwamba viongozi ni wezi. Orodha hutengenezwa kwa haraka, na wanaosahaulika karibu kila mara ni wale wale: mpangaji, mjane anayeishi uani kwa shemeji, mlemavu asiyefika mkutanoni, na mke wa pili. Huyo wa mwisho mtazame vizuri. Mume mwenye wake wawili ameandikwa kaya moja, na nyumba zilizoanguka ni mbili.

Swali jingine la kuuliza ofisini: hapa panaruhusiwa kujengwa? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Vilevile serikali huweza kuwa imeshapima viwanja sehemu ya juu na kuwataka watu wahame. Ukijenga bondeni nyumba ambayo mwakani itawekewa alama ya X ya kubomolewa, umemdhuru mwenyewe uliyemtakia mema. Kwa upande mwingine, usiwe wewe wa kumshawishi mtu ahame. Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwapandisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu, na bado bonde halikukosa wakazi kwa sababu shamba liko huko. Ubishi kati ya usalama wa juu na chakula cha chini una umri kuliko wewe na mimi. Hoja yao wanaijua. Waachie wao na serikali yao.

Tatu: pesa, vifaa na matumbo yenu

Kanuni ninayoishikilia ni kununua karibu kadiri inavyowezekana. Ikwiriri na Kibiti zina maduka ya vifaa vya ujenzi. Bati, misumari, waya na saruji vinapatikana. Tofauti ya bei na Kariakoo mara nyingi inaliwa na kukodi gari, na mwenye duka wa Ikwiriri naye alipoteza wateja kwa mafuriko. Kinachofaa kutoka Dar ni zana: sururu, mabeleshi, majembe, toroli, misumeno, nyundo, pimamaji, ngazi mbili nzuri, ndoo ngumu za chuma, kamba na maturubai. Mkimaliza, ziacheni.

Miti ndiyo yenye mtego. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, na boriti za mikoko ni ngumu, mchwa huzichelewa. Lakini mikoko ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), haikatwi wala kusafirishwa bila kibali. Akija kijana usiku na mtumbwi uliojaa boriti za bei ya kutupa, mwambie asante. Nunua zenye risiti, au tumia mikaratusi na mbao za mnazi, na uokoe kila nguzo nzima ya nyumba ya zamani.

Kuhusu chakula: msiwe wageni wa watu waliofiwa na ghala. Desturi ya Pwani ni kwamba utakaribishwa hata kama sufuria ina wali wa mtu mmoja, na kukataa kavu kavu ni utovu wa adabu. Ukiambiwa "karibu chakula, mwanangu," kaa, onja tonge mbili, shukuru, "nimeshiba, bibi, Mungu akuzidishie." Lakini mlo wenu halisi uwe umepangwa. Mpeni mama lishe wa kijiji kazi ya kuwapikia kwa malipo, mkija na mchele, maharage na mafuta yenu. Pesa inabaki pale, na hamna haja ya kukaa mkichochea kuni wakati kuta zinasubiri.

Fulana zenye nembo ya kikundi? Bei ya fulana thelathini inaezeka sehemu nzuri ya paa. Basi.

Nne: mwili wako

Chanja pepopunda kabla ya kusafiri, kwa sababu utakanyaga msumari, sisemi huenda. Vaa buti za mpira na glovu ngumu. Lala kwenye chandarua chenye dawa, madimbwi ya baada ya mafuriko ni kiwanda cha mbu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe vidonge, hata kama wenyeji wanayanywa hivyo hivyo, kwa kuwa kipindupindu hufuata mafuriko na vyoo vilivyofurika. Usioge mtoni wala kwenye mabwawa yaliyobaki. Kuna kichocho, na Rufiji kuna mamba na viboko ambao mafuriko huwasogeza mpaka mahali wasipozoeleka.

Panya hukimbilia majumbani maji yakipanda, na mkojo wao huchafua tope. Homa ya mgunda iliyotangazwa mkoani Lindi mwaka 2022 huambukizwa kwa njia hiyo. Mwenye kidonda mguuni asiingie kwenye tope bila buti, na mwenye homa aende zahanati siku hiyo hiyo, asingoje kurudi mjini. Nyoka nao hujificha chini ya bati zilizoanguka: inua bati kwa ndoana au mti mrefu, ukiwa umesimama nyuma yake, usiingize vidole.

Tano: kubomoa kwa adabu

Wengi wanaona kubomoa ni kazi ya nguvu tu, wakaanza kugonga. Kwanza piga hodi, hata kama mlango haupo. Nyumba iliyolala chini bado ina mwenyewe, na kilicho ndani ni chake mpaka aseme vingine. Kaa naye, au na mama wa nyumba, pangeni marundo matatu: la kuokoa, la kutupa, la kuamua baadaye. Rundo la tatu litakuwa kubwa. Liache liwe kubwa. Karatasi zilizoloa ndizo za kutafutwa mapema kuliko godoro: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, kadi za kliniki, hati ya kimila ya shamba. Zitenganishe polepole, zianike kivulini, zikandamizwe na kitu kizito zikikaribia kukauka. Jua kali huzikunja na kuzivunja.

Sasa nyumba. Anza na paa, ushuke. Chomoa misumari ya bati kwa koleo au nyundo ya makucha, usizing'oe bati kwa kuzivuta, tundu likipanuka bati ni la kuvuja. Zipange kwa urefu, weka mawe juu. Watoto watafurahi kunyoosha misumari ya mbao. Ya bati usiirudie, mpira wake umeshakufa.

Kuta za miti na udongo husema ukweli zikigongwa. Gonga nguzo kwa kisigino cha panga, kuanzia kifuani kushuka hadi ardhini. Mlio mkavu ni mti mzima. Mlio wa kubonyea, hasa pale nguzo inapoingia ardhini, ni kuoza au mchwa. Mara nyingi mti mzima juu umeoza sentimita 30 za chini tu: ukate, sehemu ya juu iwe kombamoyo (mti wa kubebea paa) au nguzo fupi ya jiko. Ukuta wa tofali za kuchoma uliosimama ndani ya maji kwa wiki tatu utazame kwenye pembe na juu ya milango. Ufa unaopita kidole, au ukuta ulioinama hata kidogo, uangushwe kwa kamba kutoka mbali, watoto wakiwa wameondolewa.

Jihadhari na choo cha shimo. Maji hulegeza kuta zake chini kwa chini, na sakafu inayoonekana nzima inaweza kuwa imebaki ganda. Zungushia kamba, mtu asipite. Visima vifupi navyo visitumike mpaka afisa afya avisafishe na kuvitia dawa.

Sita: kujenga, na hapa tuende taratibu

Kabla ya kuchimba tafuta alama ya maji. Ipo kwenye shina la mwembe, kwenye ukuta wa msikiti, kwenye kumbukumbu za jirani. Pima urefu wake kutoka ardhini pale unapotaka kujenga. Ikiwa alama iko chini ya goti, unaweza kushinda kwa kuinua sakafu. Ikiwa kiunoni, fikiria kusogea hata mita 50 kwenye mwinuko kidogo, maana bonde si sawa kila mahali na wenyeji wanajua vilima vyake vidogo. Ikiwa kifuani na kuendelea, hakuna msingi wa kumudu utakaokusaidia. Hapo ni kuhama, au ni dungu.

Dungu ni kijumba cha juu ya nguzo ambacho Warufiji wamekitumia tangu zamani mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani, na kukaa juu ya maji mto ukipanda. Wataalamu huja na michoro ya nyumba za nguzo kutoka nchi za mbali, ilhali fundi wa dungu amekaa hapo chini ya mkorosho. Familia nyingi hazitaki kuishi kwenye dungu mwaka mzima, na wana haki; wazee hawapandi ngazi usiku. Lakini dungu dogo la kuhifadhia mpunga, magodoro na karatasi, kando ya nyumba ya chini, ni la gharama ndogo na linafaa sana. Mpendekeze fundi huyo alipwe.

Nalo ni jambo la kusema wazi: fundi wa kijiji alipwe. Ninyi mnajitolea, yeye anaishi kwa kazi hiyo, na mwaka huu wateja wake wote wamefilisika. Kikundi kinachokuja na mafundi wake wa bure kinamnyang'anya mtu chakula. Yeye ndiye kiongozi wa kazi. Mhandisi wenu kama yupo, azungumze naye faragha, asimkosoe mbele ya vibarua.

*Tuta na msingi.* Nyumba ikae juu ya tuta lililoshindiliwa, pana kuliko nyumba kwa mita moja kila upande, ili ukingo wake ukilika isilike nyumba. Mwaga udongo tabaka la sentimita 15, nyunyiza maji kidogo, shindilia mpaka kisigino kisiache alama, ndipo umwage jingine. Ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri, na ndiyo inayoamua kila kitu. Hapa ndipo watu ishirini wasio na ufundi wanapokuwa na thamani kuliko mafundi wawili. Panda nyasi kwenye mteremko wa tuta. Ukipata mawe au tofali za kuchoma, jenga nazo ukuta wa chini hadi usawa wa goti kwa udongo wa saruji, juu yake ndipo uje udongo. Sehemu hiyo ndiyo huliwa na maji kwanza.

*Nguzo.* Shimo la sentimita 60 hadi 75, kokoto chini, mti uliochomwa ncha kidogo au kupakwa oili chafu. Kwenye pembe zote nne weka mti wa mshazari kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya ya pili. Nyumba nyingi za vijijini hazina mshazari huo, ndiyo maana zikisukumwa na maji hulala upande mmoja zikiwa nzima.

*Fito na udongo.* Fito zifungwe ndani na nje ya nguzo, nafasi ya kiganja. Usikandike kwa tope jipya lililoletwa na mto. Tope hilo ni mali ya shamba, ukutani hupasuka na kumomonyoka. Chimba sehemu ya juu, au tumia udongo wa kichuguu, ambao mafundi wanaupenda kwa kushika. Jaribu hivi: loweka kidogo, viringisha mkononi unene wa dole gumba. Ukikatika papo hapo una mchanga mwingi. Ukijipinda bila ufa hata mmoja ni mfinyanzi mno, utapasuka ukikauka, uongeze mchanga. Changanya na nyasi zilizokatwa fupi au pumba za mpunga, loweka usiku kucha, asubuhi kanyageni kwa miguu. Hii ndiyo saa ya nyimbo na mizaha, na vijana wa kijiji watakuja wenyewe.

Kandika mkono wa kwanza, uache ukauke na upasuke. Nyufa ni zake. Mkono wa pili ndio unaoziba, na wa tatu mwembamba ni wa kusiriba, ukitiwa chokaa kidogo. Msipige lipu ya saruji tupu juu ya udongo, kosa ambalo huonekana kila mahali kwa sababu linapendeza. Saruji ni ngumu na udongo unapumua. Unyevu hunaswa katikati, lipu hubanduka ikiwa na ganda zima la ukuta.

*Paa.* Kenchi au makombamoyo yafungwe kwenye mtambaapanya (mti mlalo wa juu ya ukuta) kwa waya, kila unganisho, zaidi ya msumari. Mtambaapanya nao ufungwe kwenye nguzo. Ukanda huu umeshaonja kimbunga. Bati za geji 28 (namba ndogo, bati nene) zinadumu kuliko 30. Pesa ikiwa fupi, afadhali nyumba ndogo yenye geji 28. Msumari upigwe mgongoni mwa bati, si bondeni kwake maji yanapopita. Bati za juu zilale juu ya za chini kwa sentimita 15 au zaidi, na ubavuni mikunjo miwili. Upenu utoke angalau sentimita 60, kwa kuwa mvua inayopiga mguu wa ukuta huua nyumba ya udongo polepole kila mwaka, hata pasipo mafuriko. Mwenye kutaka makuti apewe makuti, yana baridi yake na wezekaji wapo.

Mlango wa mbele usitazame upande maji yanakotoka, na nyumba iwe na mlango wa pili. Jiko liwe wapi, dirisha liwe wapi, muulizeni mama wa nyumba kabla nguzo hazijasimama. Choo kipya kiinuliwe juu ya tuta lake, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko.

Udongo au tofali?

Wachangiaji hupenda tofali. Nyumba ya tofali inaonekana msaada hasa. Lakini tofali za kuchoma zinakula kuni nyingi, za saruji zinakula fedha, na nyumba ya tofali juu ya msingi wa kina cha kiganja huanguka kama nyingine, ikiwa na uzito wa kuua. Mnajua wenyewe vijiji vilivyojaa maboma: kuta nne za tofali, bila paa, mibaazi imeota sebuleni. Boma halilazi mtu. Pesa ikitosha nyumba tatu za udongo zenye tuta refu na bati nzuri, au kuta za tofali zisizofika paa, jengeni tatu. Na msianze ya nne kabla ya tatu hizo kufungwa milango.

Saba: siku ya kazi inavyokwenda

Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mpumzike saa sita, mrudi saa tisa. Wengi wa wenyeji ni Waislamu: Ijumaa kazi isimame kabla ya swala, na mwezi wa Ramadhani ukiangukia msimu, msile wala kunywa mbele za watu. Kijana msalimie mzee kwa shikamoo hata kama umeshika beleshi. Dada anayepanda ngazi avae suruali pana na kanga juu. Atapanda, watu watatazama siku ya kwanza, siku ya pili watamwomba apitishe msumari.

Picha ziombwe, na za watoto ziachwe. Mtu aliyevaa nguo za kuazimwa mbele ya nyumba iliyoanguka hapendi kuwa kwenye simu za watu asiowajua.

Wenye nyumba washiriki kwa namna wanayoweza, ila msiwape masharti ya kushinda kwenye ujenzi ili "wasizoee kupewa." Wako mlaoni, wanapanda. Ndiyo sababu mlikuja.

Nane: kukabidhi na kurudi

Siku ya mwisho andikeni hesabu kwenye karatasi moja: fedha iliyoingia, iliyonunua nini, kilichobaki. Isomeni kwenye mkutano, muiache ofisini. Zana zikabidhiwe kwa kamati kwa maandishi, la sivyo zitakuwa za aliyezishika mwisho. Sherehe ya utepe haina ulazima; kama viongozi wanaitaka, iwe fupi, na mwenye nyumba ndiye afungue mlango.

Kisha wawili au watatu kati yenu warudi mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli. Watazame mambo haya: nyufa za ukuta zizibwe, misumari ya bati iliyolegea ipigwe upya, waya za paa zikazwe, ukingo wa tuta ulioliwa na mbuzi na miguu ujazwe na kupandwa nyasi, mfereji wa maji ya paa uchimbwe kuelekea mbali na ukuta. Wabebe misumari ya bati, mfuko wa chokaa, waya na turubai moja. Fundi wa kijiji apigiwe simu wiki moja kabla, ili awe ameshaloweka udongo.